Vijana Wetu Wapewe Hadithi za Kuwanyima Usingizi

Jumatano iliyopita, baada ya sala ya Isha, jirani yangu mmoja alinishika mkono kabla sijavaa viatu akanivuta kando ya ngazi za msikiti. Nilidhani ana haja ya kuazima fedha. Kumbe haja yake ilikuwa juu ya kijana wake aliye Gredi ya 7. "Maalim," akaniambia, "mtoto hasomi. Vitabu namnunulia, vyakaa tu. Wewe ni mtu wa magazeti, hebu nitajie kitabu kimoja ambacho akishakishika hatakiweka chini mpaka akimalize."

Nilimtajia viwili vitatu palepale, lakini njiani nikirudi nyumbani niliona kuwa jawabu lile halikutosha, na kwamba si yeye peke yake anayelihitaji. Tangu Januari 2023, skuli zetu zilipoanza hiyo sekondari msingi ya Gredi ya 7 hadi ya 9, nimeulizwa swali hilihili na wazazi wa Mji wa Kale, wa Malindi, hata wa Lamu. Kwa hiyo leo, wasomaji wapenzi, nataka kuutumia ukurasa huu kusema niliyo nayo. Nami nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa akikaa kwangu kwa ajili ya masomo. Alikuwa na umri wa miaka 13. Alasiri moja alichelewa kwenda chuoni, nami nikaenda kumtazama chumbani. Nikamkuta amelala kifudifudi, kitabu mbele ya pua, hasikii adhana wala mlango. Nikamnyang'anya kitabu, nikasoma jalada: Mzimu wa Watu wa Kale. Sikusoma zaidi ya hapo. Nilisema maneno ambayo leo nayaonea haya, kwamba mtoto wa Kiislamu anauacha msahafu wake akasome habari za mizimu, na kitabu nikakifungia kabatini. Yeye alisema neno moja tu: "Mjomba, nimebakisha kurasa 12." Sikumjibu. Kitabu kilikuwa cha kuazima, na kesho yake kikarudishwa kwa mwenyewe.

Ilipita yapata miaka minne ndipo nilipokutana na kitabu kile tena, na mara hii nilikuwa ndani ya basi la kwenda Lamu sina la kufanya. Abiria mwenzangu aliniazima. Nilikifungua tulipotoka Malindi kwa nia ya kuona ubaya wake. Tulipofika Garsen nilikuwa nimesahau njaa, na tulipofika Mokowe watu wakishuka kwenda kupanda mashua, mwenye kitabu alisimama mlangoni akinisubiri nimalize ukurasa wa mwisho.

Mwandishi wake, Muhammad Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918 na kufariki 1991. Alikuwa mtu wa magazeti, kwa miaka kadhaa mhariri wa Mkulima. Hadithi hiyo ilitoka ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 hadi 1958 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau ya Nairobi, ikachapishwa 1960. Ndani yake mtu anakutwa ameuawa mahali pa mzimu, na walimwengu wako tayari kusadiki kuwa mizimu imekasirika. Asiyekubali ni Bwana Msa, mtu mtulivu, kiko mdomoni, mwenye kutazama vitu vidogo vidogo ambavyo wenzake wamevipita, na rafiki yake Najum akimfuata nyuma asielewe. Wanaomjua Sherlock Holmes wa Waingereza watamtambua huyu kuwa ni wa ukoo mmoja naye, ila huyu wetu anatembea vichochoro vya Unguja na ulimi wake ni wa Kiunguja hasa, wenye mizaha na mafumbo.

Sitawaharibia utamu kwa kueleza nani aliua. Nitasema tu kwamba kile kitabu nilichodhani kinafundisha kuamini mizimu kinafundisha kinyume chake kabisa. Bwana Msa hapigani na mizimu. Anauliza nani alikuwa wapi saa ngapi, nani anafaidika, nani anasema uongo. Nyuma ya lile jambo la kutisha anatafuta mkono wa binadamu. Ni mahubiri gani bora kwa kijana wa mitaa yetu, ambako hadi leo wako watu wazima wanaoibiwa redio wakaenda kumlipa mganga badala ya kuuliza nani alionekana dirishani? Nami, niliyejiona ninailinda imani ya mpwa wangu, ndiye niliyemkata kabla hajafika kwenye kurasa ambazo jambo lote hufumbuliwa. Alichobaki nacho ni mzimu.

Yule kijana sasa ni mtu mzima, fundi wa mashine za meli, na kazi yake anaijua. Aliwahi kuniambia, bila ya kinyongo, kwamba tangu siku ile hakupata kusoma hadithi nyingine mpaka mwisho. Idi iliyopita nilimpelekea nakala ya kitabu kilekile. Akacheka sana, akanishukuru, akakiweka juu ya friji. Nilipokwenda tena nyumbani kwake kilikuwa kingali pale.

Ndiyo maana nasema, mzazi anayetaka mtoto asome asianze kwa kuuliza kitabu kina mafunzo gani. Aulize kwanza kama kinavuta. Umri wa miaka 12 hadi 15 ni mlango mwembamba. Kijana akipita hapo bila ya kupata hata kitabu kimoja cha kumnyima usingizi, kumrudisha baadaye ni taabu.

Wako miongoni mwetu wanaoona kuwa riwaya ni lagho, kupoteza wakati kwa mambo yasiyotokea, na kwamba kijana aliyemaliza kazi ya skuli na ya chuoni afadhali alale. Nawaheshimu, maana wanasema hivyo kwa kuwachunga watoto wao. Lakini na wakumbuke tulikotoka. Utendi wa Tambuka, alioutunga Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, ni nini kama si kisa kirefu cha majeshi na mashujaa, kinachomfanya msikilizaji aulize kila baada ya beti kumi, kisha ikawaje? Utenzi wa Ras al-Ghuli nao je? Wazee wetu walikaa barazani wakasikiliza mpaka mafuta ya taa yakakauka, na watoto wamejibanza nyuma ya mlango wakijifanya wamelala. Watunzi wale walikuwa watu wa dini kutushinda sisi, na hawakuona aibu kumshika msikilizaji kwa kisa.

Liko na jingine, nalo lauma. Sisi watu wa Pwani tunajipumbaza kuwa Kiswahili ni chetu, kwa hiyo mtoto wetu hana haja ya kukisoma. Kiswahili cha nyumbani anacho, ni kweli, na kitamu. Lakini Kiswahili cha kueleza jambo refu kwa mpango, cha kumwonyesha mtu moyo wa mtu mwingine, hicho hakipatikani kwa kuagizwa mahamri. Mwenzake wa bara ambaye kwao husemwa Kikamba au Kiluhya alikipata kitabuni, na siku ya insha huandika kurasa tatu wakati wetu anatafuna kalamu. Nimesahihisha insha za vijana katika mashindano madogo ya mtaani, na nimeliona hili kwa macho yangu.

Basi, vitabu. Kwa kijana wa Gredi ya 7 nitaanza na Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka 1952. Ni kitabu chembamba, na hilo si jambo dogo kwa mtoto anayeogopa unene. Mfalme Rai wa Ughaibu anamtuma mtu wake kwenda Janibu kukusanya kodi kwa liwali aitwaye Adili, mtu mwema asiye na doa. Usiku wa manane mgeni anaamka na kumwona mwenyeji wake, huyohuyo mwema, akiingia chumbani walimofungwa manyani wawili, akawapiga kwa mjeledi, kisha akawabembeleza, akawalisha kwa mkono wake, macho yake yamejaa machozi. Na anafanya hivyo kila usiku. Kwa nini? Mwulizeni kijana wenu swali hilo mezani wakati wa chakula cha jioni, msimjibu, kisha mpeni kitabu. Kisa chenyewe kina asili yake katika Alfu Lela Ulela, ambamo badala ya manyani mna mbwa, na Shaaban Robert amekigeuza kikawa chake na chetu. Ndani yake mna jiji ambalo watu wake wamekuwa mawe, mna jini, mna ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliomtosa ndugu yao baharini. Mafunzo yamo tele, tena mengine mwandishi ameyapiga nyundo mara mbili tatu. Kijana akizipita aya hizo mbio si neno.

Akimaliza hicho apewe Bwana Msa. Aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, kisha Kisima cha Giningi cha 1968, ambacho jina lake nalo litamshtua mzazi, maana Giningi ndiko masimulizi ya Unguja na Pemba yanakowaweka wachawi. Asishtuke. Baada ya hapo viko Duniani Kuna Watu cha 1973 na Siri ya Sifuri cha 1974. Kipo na kiitwacho Mke Mmoja Waume Watatu, cha 1975. Hapo simlazimishi mtu, mzazi akisome yeye kwanza ndipo aamue. Tahadhari yangu ni moja. Abdulla hupenda mafundo ya ukoo, fulani ni mtoto wa fulani aliyedhaniwa ni wa fulani, mirathi hapa, ndoa ya zamani pale, mtu mwenye majina mawili. Mtoto aweza kupotea katika kurasa 20 za mwanzo. Mpeni karatasi na penseli achore nasaba kama anavyochora Bi Mkubwa wa nyumbani akieleza nani ni nani harusini. Hapo mchezo unakuwa wake, na atataka kumtangulia Bwana Msa kupata jawabu.

Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, naiweka kwa Gredi ya 8. Walibora, aliyefariki 2020, alikulia upande wa Kitale, mbali kabisa na bahari, na bado alimchukua shujaa wake kutoka Tanga, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, akampa jina la Kongowea Mswahili. Kijana huyu anaachwa mpweke, anaonewa, kisha anafunga safari kuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Ni safari inayovuta riwaya nzima, kila kituo kina mtu wa kumsaidia au wa kumwibia, na msomaji hana nafasi ya kupumua. Nimewaona wavulana wakubwa wakiificha sura wakifika mahali fulani pa huzuni. Kwa bahati mbaya kitabu hiki kilipata kutahiniwa katika shule za upili, na maswali ya kutaja sifa za mhusika yamewafanya wengi wakichukie. Mdogo wao akisome mapema, kabla ya mtu yeyote kumwuliza sifa za mtu. Walibora huyohuyo aliandika Ndoto ya Amerika, kifupi zaidi, juu ya vijana wanaotamani kwenda Marekani. Kwa mtoto mzito wa kusoma nacho ni mlango mzuri.

Kwa Gredi ya 9, na hasa kwa wale ambao babu zao walibeba magunia Kilindini, nasema Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979. Rashidi ni kijana maskini wa Unguja anayeingia kazi ya ukuli bandarini, na hadithi inamchukua hadi mgomo wa makuli wa Zanzibar wa 1948. Mgomo ule ulitokea kweli. Mwaka mmoja kabla yake, Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa nao waligoma, bandari ikasimama pamoja na mji. Wazee walioyaona hayo kwa macho wamekwisha kututoka, na watoto wetu hupita Kilindini kila siku wakiona makontena tu. Lugha ya Shafi ni ya watu wa kazi, yenye jasho, na maelezo yake ya jahazi, mzigo na njaa kijana wa Pwani hahitaji kufasiriwa. Mwishoni anahutubia kidogo; ndiyo ilivyokuwa desturi ya waandishi wengi wa miaka ile.

Katama Mkangi, mwana wa Pwani, aliyefariki 2004, alituachia Walenisi, ya 1995, ambamo Dzombo aliyehukumiwa kufa anatiwa ndani ya chombo cha angani na kurushwa, akaangukia nchi ya ajabu. Mwanzo wake ni moto. Katikati maongezi yanazidi mwendo, na mtoto asiye na subira atakiacha, akikiacha msimgombeze.

Nikifika kwa mabinti naona haya, kwa kuwa katika vitabu vyote nilivyovitaja shujaa ni mwanamume, na msichana ama anaokolewa ama analiliwa. Binti yangu mdogo aliniuliza jambo hili na sikuwa na la kumjibu ila kumpa Wasifu wa Siti Binti Saad, alioutoa Shaaban Robert mwaka 1958. Si riwaya, ni habari ya mtu aliyeishi. Lakini hebu fikirini kisa chenyewe. Msichana wa Fumba, mtoto wa watu duni, akiuza vyungu mjini kwa miguu huku akinadi kwa sauti, na sauti hiyohiyo ikamfikisha Bombay mwaka 1928 kutia nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri, na mabwana waliomdharau wakawa wananunua. Wapo wazazi watakaosema taarabu si mfano wa kumpa mtoto wa kike. Mimi naona kisa cha binti aliyedharauliwa asikate tamaa kinamfaa yeyote. Waandishi wetu wanawake nawaomba watupatie msichana mpelelezi, wa Lamu au wa Kisauni, mwenye buibui na akili kama wembe. Nitakuwa wa kwanza kununua.

Vipo vya kungojea. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, ni miongoni mwa riwaya bora za lugha yetu, lakini habari ya Maimuna aliyefungiwa ndani na baba yake na yaliyomfika alipotoka inawafaa kwanza baba, kisha vijana wa miaka ya mwisho ya skuli. Kiu na Nyota ya Rehema za Mohamed Suleiman Mohamed vilevile. Uzuri wake ni wa mtu aliyekwisha kuumia kidogo. Na wale majasusi wa Tanzania, akina Willy Gamba wa Elvis Musiba, wanavuta kweli kweli, sikatai, nimewasoma mwenyewe nikiwa kijana, kitabu ndani ya daftari la hesabu. Lakini mna pombe na vyumba vya hoteli zaidi ya ninavyopenda kumkabidhi mtoto wa miaka 13 kwa mkono wangu. Akivipata mwenyewe huko mbele, shauri yake.

Jinsi ya kumpa kitabu nako kuna kazi. Msimpe kama dawa. Jirani yangu niliyemtaja hapo juu alinikiri kuwa kila kitabu alichomnunulia kijana alimwambia, "Ukimaliza utanieleza umejifunza nini." Nani atafungua kitabu chenye mtihani mlangoni? Mimi nimeona njia moja inayofaa, nayo ni kumsomea kwa sauti sura ya kwanza, usiku, hasa mwezi wa Ramadhani ambapo nyumba zetu hazilali mapema, kisha ukakifunga kitabu pale pabaya kabisa na kukiacha juu ya meza. Usiseme neno. Na mtoto akikutwa anasoma wakati wa chuo, aambiwe aweke alama ya ukurasa, aende chuoni, akirudi akikute kitabu palepale alipokiacha. Wala si lazima kila nyumba inunue vyote. Nyumba tano za kichochoro kimoja, kila moja ikiwa na kitabu kimoja na daftari la kuandika nani ameazima, tayari zina maktaba.

Nina ombi. Nikiwa mdogo nilisoma Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya 1929 ya hadithi ya maharamia ya Robert Louis Stevenson, na Mashimo ya Mfalme Sulemani ya mwaka huohuo, kwa Kiswahili cha kizamani ambacho siku hizi mtoto angekicheka kwanza na kukipenda baadaye. Mashua, ramani, mzee mwenye mguu mmoja. Ni vitabu vilivyoumbwa kwa ajili ya watoto wanaoiona bahari kutoka dirishani. Maharamia hao hunywa tembo usiku kucha, lakini sijasikia mtoto aliyesoma akatamani kuwa kama wao. Nimezitafuta nakala Mombasa nzima sikupata hata moja isiyoliwa na mchwa. Aliye nazo ndani ya sanduku la babu yake, kurasa zikiwa zimetimia, na aniandikie kwa anwani ya gazeti hili. Nitakuja mwenyewe kuziona, na nikiruhusiwa kuazima nitazirudisha kwa siku nitakayoahidi.